Mnaoanza Kitaliano chuoni: ingieni kwa mlango wa Kiswahili, msizunguke kwa Kiingereza

Binti_Uroa (mleta uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyote mnaopita hapa.

Wiki iliyopita nimemaliza muhula wa kwanza wa Kitaliano cha mwanzo, daraja ya A1. Kuna jambo naona nikilinyamazia nitawadhulumu watakaoanza muhula ujao, kwa hivyo naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Wiki sita za mwanzo nilipotea. Maelezo ya sarufi kwenye kitabu chetu ni ya Kiingereza, na mie daftari langu nililigawa kwa mstari katikati: Kitaliano kushoto, Kiingereza kulia. Kila neno nikawa nalibeba mara mbili, nalitoa Italia nalipeleka Uingereza, ndipo nalirudisha Uroa. Mtihani mdogo wa kwanza nikapata 9 katika 30.

Katika makosa yale kuna moja sitolisahau. Tuliambiwa tutaje umri. Nikaandika "Sono venti anni", kwa sababu Mwingereza husema yeye "ni" miaka ishirini. Mwalimu kapiga mstari mwekundu, kaandika juu yake: Ho vent'anni. Nikaikazia macho ile "ho". Ho maana yake nina. Ho vent'anni, nina miaka ishirini. Vile vile ninavyosema kwa mama yangu!

Usiku ule dakhalia sikulala. Nilifungua ukurasa mpya, kulia nikaandika Kiswahili, nikaanza kupanga. Ho fame, nina njaa. Ho sete, nina kiu. Ho sonno, nina usingizi. Ho fretta, nina haraka. Ho paura, nina khofu. Kwenye ho freddo sisi husema nasikia baridi, hapo njia zinaachana kidogo, lakini mengine yote yamekaa kama mtu na kivuli chake.

Halafu nikaiendea "mi piace", iliyokuwa ikinitoa jasho. Kitabu kinaifasiri "napenda", na nusu ya darasa tukawa tunaandika "io piace". Mi piace si napenda. Ni inanipendeza. Kile kitu ndicho mtenda, mie nimo ndani ya kitenzi tu. Mi piace il polpo, pweza ananipendeza. Mi piacciono i datteri, tende zinanipendeza. Ukiishika hivyo huulizi tena kwa nini kitenzi kimebadilika: tende ni nyingi, basi. Na ti vedo ni nakuona, lo vedo ni namwona yule mwanamme, la vedo ni namwona yule mwanamke. Ile "ku" na ile "m" tunazozitia katikati ya kitenzi, wao wanaziweka mbele yake.

Nafsi nayo ni hivyo hivyo. Parlo, nasema. Parli, unasema. Parliamo, tunasema. Hawahitaji kutaja "mimi" kila mara, kama sisi tusivyohitaji. Sisi nafsi tunaitanguliza, wao wanaifungia mkiani.

Na ngeli, jamani! Wenzangu walikuwa wanalalamika eti kwa nini kivumishi kifuate jina. Barca nuova, chombo kipya. Barche nuove, vyombo vipya. Ragazzo alto, mvulana mrefu. Ragazzi alti, wavulana warefu. Sisi tumelelewa na ngeli zaidi ya kumi, tutashindwa na jinsi mbili? Hata wakorofi wao tunawajua. Il problema inamalizikia na a kama jina la kike, lakini ni la kiume. Ni kama kijana wetu: umbo lake la ki-, lakini tunasema kijana mzuri, hatusemi kijana kizuri.

Mtihani wa mwisho nimepata 26. Sikuwa na akili nyingine, nilibadilisha upande mmoja wa daftari tu. Karibuni tuchangie, khasa mliotangulia.

Kijana_Jang'ombe

Uzi mzuri dada, hongera. Lakini naomba nikupinge kidogo. Kiingereza huwezi kukitupa. Mwenye Kiingereza akikutana na stazione, informazione, possibile, università, hana haja ya kufungua kamusi. Kiswahili kitakusaidia wapi hapo? Na kamusi nzuri nilizoziona maktaba zote ni za Kitaliano na Kiingereza. Tena siku hizi simu inafasiri yenyewe, mgeni anasema na simu inajibu.

Binti_Uroa

Kwenye maneno nakukubalia moja kwa moja, na mie natumia kamusi hizo hizo. Ninachosema ni kuwa mfupa wa sentensi ukaupime kwa Kiswahili. Na kwenye maneno pia tusijidharau. Zafferano ni zafarani, zucchero ni sukari, hayo yote mawili yametoka kwa Waarabu, yakaenda kwao na yakaja kwetu. Cifra yao na zero yao zina asili moja na sifuri yetu. Bandiera ni bendera na vino ni mvinyo, hizo sisi tuliachiwa na Wareno, ambao lugha yao na Kitaliano ni ndugu wa tumbo moja.

Kuhusu simu: mgeni akiumwa na tumbo saa nane za usiku anataka kumuona mtu anayemfahamu. Nimefanya kazi mapokezi miezi minne, nimeyaona.

Nahodha_Kiwengwa

Mie chuo sikukiona. Kitaliano nimekiokota mchangani tangu 2004, wageni wa huku petu wengi ni wa huko, na watoto wa Kiwengwa wanajua ciao kabla hawajajua kuogelea. Nasema kwa haraka na wananifahamu, lakini binti yangu aliyeko chuo juzi kaniambia: "Baba, wewe vitenzi vyako vyote havina mwenyewe." Ni kweli. Io andare, tu venire, lui mangiare. Ni kama mtu aje kwangu aniambie "mimi kwenda, wewe kuja". Nitamfahamu, lakini sitomkabidhi chombo.

Nina kisa kimoja nataka mliochuoni mkisikie, kwa sababu hichi hakimo kitabuni.

Msimu mmoja nilipatana na wageni wanne, niwapeleke mwambani wakatizame samaki. Wakaniuliza saa ngapi. Nikawajibu kwa kujiamini: domani alle due. Kesho saa mbili. Nakusudia saa mbili asubuhi, maji yamejaa mpaka kwenye minazi. Asubuhi nikatia mafuta, nikapanga miwani na viatu vya kuogelea, nikangoja. Saa mbili hawapo. Saa tatu hawapo. Maji yakaanza kutoka. Saa nne nikaanza kuwasema moyoni kuwa si watu wa ahadi. Wakatokea saa nane mchana juu ya alama, mataulo mabegani, wanacheka, wamefurahi. Na chombo changu kimekaa juu ya mchanga mkavu, bahari iko kule mbali inang'ara kama bati.

Wao hawakuwa na kosa. Kwao due ya mchana ni saa nane yetu. Nikawarejeshea pesa zao, na yule mama mtu mzima alinitizama kwa huruma, ikaniuma zaidi kuliko pesa.

Tangu siku ile, kabla sijataja saa natoa au naongeza sita, halafu naandika tarakimu mchangani kwa kidole: 8:00. Mgeni aitikie kwa kichwa ndio tuagane.

Maalim_Mstaafu

Nahodha, Allah akujaze kheri, hicho kisa nitakipeleka darasani. Nimefundisha lugha za kigeni miaka mingi, na nakiri saa tulikuwa tukiifundisha kwa picha za saa za ukutani tu. Kwa wanafunzi: saa mbili asubuhi ni alle otto. Saa nane mchana ni alle due, au alle quattordici kwenye tiketi na ratiba. Saa saba mchana ni all'una, umoja, kwa sababu ni moja. Zinazobaki ni wingi: sono le due, sono le tre.

Binti, umefanya kazi nzuri. Naongeza matatu ambayo wanafunzi wetu hujikwaa.

La kwanza, adabu. Ciao ni ya watu waliozoeana. Mtoto wa kwetu hamwambii mzee "mambo vipi", basi na mgeni mwenye mvi usimpokee kwa ciao. Buongiorno asubuhi, buonasera kuanzia jioni, na kama hujui umsalimie vipi, salve inatosha. Halafu umwite Lei, usimwite "tu", ile "wewe" ya waliozoeana. Lei ni nafsi ya tatu, kitenzi chake ni cha "yeye": Come sta? Wewe unasema naye uso kwa uso, lakini sarufi inakaa mbali kidogo, kwa heshima. Aliyelelewa na shikamoo hahitaji kuelezwa kwa nini.

La pili, mkazo. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hauhami. Kitaliano mara nyingi kiko hapo hapo, na ndiyo maana tunaonekana tunaweza haraka. Lakini telefono mkazo uko kwenye le, tavolo uko kwenye ta, na città uko mwisho, wakaiwekea alama. Kila neno jipya lisikilize kwanza, ndipo uliandike.

La tatu, wakati uliopita. Ho mangiato, nimekula, mwanamme na mwanamke sawa. Lakini vitenzi vya kwenda, kuja, kufika vinachukua essere, yaani kitenzi chao cha "kuwa" (sono, siamo), na hapo mwisho unafuata mtenda: sono arrivato akisema mwanamme, sono arrivata akisema mwanamke, siamo arrivati wakiwa wengi. Sisi tunasema kitabu kimefika, vitabu vimefika. Binti atanielewa.

Msomi_wa_Fuoni

Mie niko wiki ya tatu. Kinachonishinda ni herufi mbili mbili. Mwalimu anatamka pala, halafu palla, anauliza tofauti, darasa zima kimya. Mie nasikia kitu kimoja. Nimeshaanza kufikiri nibadilishe somo.

Binti_Uroa

Usibadilishe! Hili nilikuwa nimelibakisha makusudi, kwa sababu ndilo lililonipa furaha kubwa kuliko yote.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mwalimu kaandika ubaoni: pala, palla. Pala ni sepetu, palla ni mpira. Nono, nonno: wa tisa, na babu. Caro, carro: mpenzi au ghali, na mkokoteni. Anatamka, anarudia, anapiga meza kwa kidole. Sisi tunatizamana. Basi alikuwapo msichana mmoja wa Mkunazini anakaa nyuma, mkimya sana, kainuka, kaomba chaki. Kaenda ubaoni, juu ya ile l ya palla akachora alama ndogo yenye meno matatu. Shadda, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi.

Darasa zima likasema "aaa" kwa pamoja.

Sote tumepita chuo cha Kurani kabla ya chuo hiki. Tangu tuna miaka mitano tunaambiwa "inna", ile nuni uikalie, "thumma", ile mimu uikalie, na ukiikimbia unarudishwa mwanzo wa aya. Masikio yetu yalikuwa yameshafundishwa, hatukujua tu kuwa ni kitu kile kile. Mwalimu wetu akaomba aelezwe ile alama ni nini, akaiandika kwenye daftari lake, na tangu siku ile akisahihisha madaftari yetu, mtu akisahau herufi ya pili, anamchorea shadda kwa kalamu nyekundu.

Na ushike hili khasa: anno, mwaka, n mbili. Ukiitamka n moja inakuwa neno la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu. Kwa hivyo ukitaja umri wako, ikalie ile n.

Msomi_wa_Fuoni

SubhanAllah. Nimesoma tajwidi, kanuni za kutamka Kurani, miaka sita. Nimetamka sasa hivi hapa barazani, palla, nonno, anno, ndugu yangu kauliza nasoma nini. Sibadilishi somo.

Mpemba_wa_Konde

Salaam kutoka Pemba. Mie nilimaliza mwaka jana, nikaja Unguja kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la viungo linalopokea watalii. Nina mawili.

Moja, majina ya viungo yatafuteni mapema, msingoje mwalimu. Mdalasini ni cannella, iliki ni cardamomo, kungumanga ni noce moscata, pilipili manga ni pepe nero, manjano ni curcuma, tangawizi ni zenzero, nayo inataka lo mbele yake, siyo il, kwa sababu imeanza na z. Karafuu ni chiodi di garofano. Chiodi ni misumari! Siku niliyolijua hilo nilimpigia simu babu, aliyepanda mikarafuu yake mwenyewe, nikamwambia Wataliano wanaiita misumari. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi nao waliitizama." Kweli, itie karafuu kavu kiganjani, kichwa na mguu wake, utaona msumari.

La pili. Kulikuja mzee mmoja na mkewe kutoka Napoli. Na mie alisema Kitaliano cha kitabuni, tukafahamiana vizuri. Alipogeuka kusema na mkewe, sikuambulia hata neno. Nikavunjika moyo nikadhani sikusoma kitu.

Maalim_Mstaafu

Usivunjike moyo kijana wangu. Wewe ukirudi Konde ukasema na bibi yako Kipemba chenu, mtu aliyejifunza Kiswahili darasani atakuambulia? Hawa nao wako hivyo. Kitaliano cha vitabuni msingi wake ni lahaja ya Firenze, mji alikozaliwa Dante mwaka 1265, na kwa karne nyingi kilikuwa lugha ya kuandikia zaidi kuliko ya nyumbani. Nchi yenyewe imeungana 1861. Napoli, Venezia, Sicilia, kila pahala pana usemi wake wa nyumbani mpaka leo.

Na sisi vile vile. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kamati ya kukisanifu ikaundwa 1930. Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi vikabaki majumbani, na vipo. Mzee yule kusema na mkewe Kinapoli mbele yako ni ishara kuwa alikuwa ametulia. Ungemuuliza neno moja la kwao, angefurahi kukufundisha.

Mama_Ilyasi

Wanangu, nimesoma uzi wote tangu juu. Mie ni mpishi kwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani, nina miaka arubaini na sita, skuli niliishia darasa la kumi. Chuo wameniambia naweza kuingia darasa la jioni. Kiingereza changu ni kidogo mno, ndiyo khofu yangu. Je, nitaweza?

Binti_Uroa

Shikamoo mama. Utaweza, na wewe hutokuwa na ule mstari wa Kiingereza wa kuufuta, utaanza na Kiswahili moja kwa moja.

Nakupa kusoma kwanza, kwa sababu ni rahisi kwetu. Irabu zao ziandike na zisome kama zetu, a e i o u. Ch yao soma k: mi chiamo, "mi kiamo", najiita. C ikifuatwa na i au e soma ch yetu: cucina, "kuchina", jikoni. Gn ni ny yetu: bagno, "banyo". Sc mbele ya i au e ni sh: pesce, "peshe", samaki. Kuwa mwangalifu hapo mama, pesche ni "peske", ni matunda, wingi wa pichi. H hawaitamki kabisa, ndiyo maana ho ni "o" tu, na Hassan watamwita Assan. Wakikutajia jina kwa simu watalitaja kwa miji: A come Ancona, N come Napoli, R come Roma. Yenye h haina mji, wanasema H come hotel.

Niandikie sentensi tatu hapa hapa, tusahihishe pamoja.

Mama_Ilyasi

Marahaba mwanangu.

Mi chiamo Zuhura. Ho quarantasei anni. Mi piace i polpo.

Binti_Uroa

Mbili za mwanzo hazina kosa hata moja mama! Ya tatu: pweza kwa jumla, chakula, ni mmoja, kwa hivyo il. Mi piace il polpo. Wakiwa wengi, mi piacciono i polpi.

Mama_Ilyasi

Nimeelewa. Ananipendeza, wananipendeza.

Jana nimekata karatasi nikabandika makopo ya jikoni, mjukuu kanisaidia kutafuta majina. Lo zucchero, il sale, la farina, l'olio, i chiodi di garofano. Nimekwama kwenye kikapu cha mayai. Yeye kaona l'uovo, na pengine kaona le uova. Moja la kiume na jingine la kike, tunaandika lipi?

Maalim_Mstaafu

Bi Zuhura, umegusa pahala ambapo wanafunzi wangu hufika mwaka wa pili. Yai kwa Kitaliano likiwa moja ni la kiume, l'uovo. Yakizidi yanahamia upande wa kike, le uova. Kidole nacho hivyo hivyo, il dito, le dita. Mkono mpaka bega, il braccio, le braccia. Ni machache, yanashikwa kwa kichwa. Kikapu chako kina mayai mangapi?

Mama_Ilyasi

Trei nzima, thalathini. Basi nimeandika le uova. Darasa linaanza Jumatatu saa kumi na moja jioni, alle cinque, nimeshahesabu.